Kihispania cha ngazi ya juu: maumbo ya kutumia na maumbo ya kuyaelewa tu

Swali: Nimefaulu mtihani wa Kihispania wa DELE wa ngazi ya B2, na sasa ninatafsiri mikataba na mara nyingine kuwa mkalimani wa wageni wanaozungumza Kihispania. Karibuni nimekutana na mambo matatu ambayo vitabu vyangu havikuyaeleza. Mkataba wa upangaji ulisema "si el arrendatario no pagare la renta". Gazeti liliandika "el que fuera ministro de Hacienda" likimtaja mtu aliyekwisha kuondoka madarakani. Na mgeni kutoka Argentina aliniambia "vos sabés". Je, hiki ndicho Kihispania cha wasomi? Nijifunze kuyatumia haya ili nionekane nimebobea, na katika shughuli rasmi nizungumze Kihispania cha nchi gani?

Jibu: Ndugu msomaji, mifano yako mitatu inafanana kwa ugeni wake tu. Wa kwanza ni wa sheria, wa pili ni wa magazeti na hotuba, na wa tatu ni wa mazungumzo ya kila siku ya mamilioni ya watu, wasomi na wasio wasomi. Mtu wa kazi yako anapaswa kuyatambua maumbo yote hayo papo hapo na kuyatumia machache sana, kwa sababu usomi katika Kihispania husikika zaidi katika mambo mengine, yasiyo na kishindo, ambayo hukuyataja. Nitaanza na uliyoyauliza, kisha nije kwenye hayo.

"Pagare" ni kitenzi kilicho katika wakati ujao wa dhamira tegemezi. Dhamira tegemezi ni ile inayokaribiana na "aje" na "tuende" za Kiswahili, na Kihispania cha leo huitumia kila saa katika wakati uliopo na uliopita. Ni wakati ujao wake ndio uliotoweka vinywani mwa watu karne kadhaa zilizopita, ukabaki katika maandishi ya sheria. Kuliunda umbo hili si kazi: chukua kitenzi cha wakati uliopita katika nafsi ya "wao", kama vile "pagaron", "tuvieron" au "dijeron", ondoa "-ron" na uweke "-re", nawe utapata "pagare", "tuviere" na "dijere". Kazi iko katika kulielewa. Kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu ya Hispania ya mwaka 1995 kinasema: "El que matare a otro será castigado, como reo de homicidio, con la pena de prisión de diez a quince años." Kwa Kiswahili cha sheria tungeandika: "Mtu yeyote atakayemuua mwingine ataadhibiwa, kama mwenye hatia ya mauaji, kwa kifungo cha miaka kumi hadi kumi na mitano." Tazama jinsi "matare" ilivyoangukia pale pale tunapoweka "atakaye-". Haisemi kwamba kuna mtu aliyeua, wala kwamba mtu angeua. Inamtaja mtu asiyejulikana, wa siku zijazo, ambaye huenda akatokea au asitokee kamwe. Kwa hiyo mkataba wako unasema "endapo mpangaji hatalipa kodi", na mtu huyo huyo aliyeuandika, akizungumza na mpangaji ana kwa ana, angesema tu "si usted no paga la renta".

Ninalikazia jambo hili kwa sababu "hubiere" na "hubiera" zinatofautiana kwa irabu moja tu, ilhali maana zake ziko mbali. "Hubiere" iko upande wa "endapo" na "atakaye-". "Hubiera" iko upande wa "-nge-" na "-ngali-". Anayesoma "si hubiere daños" kana kwamba ni "kama kungekuwa na uharibifu" amegeuza tahadhari ya kweli kuwa jambo la kudhania, na katika mkataba wa bima tofauti hiyo ina fedha ndani yake. Kosa la upande wa pili hufanywa hata na wenye lugha yao: mtu anayetaka kuandika kwa heshima huandika "si lo hubiere sabido, no habría firmado", akikusudia "lau ningalijua, nisingalisaini". Hapo "hubiere" haina nafasi. Ni "hubiera" au "hubiese" peke yake. Vilevile umbo hili haliingii baada ya vitenzi vya kutaka au kuamuru, kwa hiyo "quiero que viniere" si Kihispania cha zama zetu, hata mbele ya hakimu.

Liko pia suala la alama ya mkazo. "Pagare" ni umbo tunalolizungumzia, "pagaré" ni "nitalipa", na "el pagaré" ni hati ya ahadi ya malipo ambayo bila shaka umekwisha kukutana nayo. Nyaraka nyingi za zamani ziliandika vichwa na vifungu kwa herufi kubwa bila kuweka mkazo, na hapo PAGARE inaweza kuwa lolote kati ya hayo. Kanuni itakayokuongoza ni hii: baada ya "si" ya masharti Kihispania hakikubali wakati ujao wa kawaida, kwa hiyo PAGARE inayofuata "si" ya masharti haiwezi kuwa "nitalipa".

Je, uitumie unapotafsiri mkataba kwenda Kihispania? Ushauri wangu ni hapana, isipokuwa ofisi inayokupa kazi ina kielelezo chake chenye maumbo hayo na inataka ukifuate. Hoja yangu kubwa ni kwamba sheria zenyewe haziyahitaji. Kifungu cha 1902 cha Kanuni ya Madai ya Hispania, kanuni iliyotangazwa mwaka 1889, yaani zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kanuni ya Adhabu niliyoinukuu, kinasema "El que por acción u omisión causa daño a otro", na hiyo "causa" ni wakati uliopo wa kawaida kabisa. Maandishi ya zamani zaidi ndiyo yanayosikika mepesi zaidi, na hakuna wakili aliyewahi kulidharau fungu hilo kwa wepesi wake. Yapo hata hivyo mafungu ya maneno yaliyogandamana ambayo msomi wa Kihispania huyasema bila kufikiri, na hayo uyashike: "sea cual fuere", yaani vyovyote itakavyokuwa, "sea como fuere", iwe iwavyo, na methali "Adonde fueres, haz lo que vieres", ambayo inamtaka mgeni afanye aonayo wenyeji wakifanya. Rais wa Mexico anapoapishwa kwa maneno ya kifungu cha 87 cha katiba ya nchi hiyo humalizia kwa "y si así no lo hiciere que la Nación me lo demande", yaani nisipofanya hivyo Taifa na linidai. Ukialikwa kukalimani Maputo, utagundua pia kwamba Wareno na Wamsumbiji bado wanalitumia umbo hili katika mazungumzo ya kawaida ya Kireno, "quando vier", "se quiser", kwa hiyo jitihada yako ya kulielewa haitapotea.

Mfano wako wa pili una asili tofauti. Kihispania kina maumbo mawili yanayoonekana kufanya kazi moja, "cantara" na "cantase", na vitabu vya ngazi za chini husema kwamba unaweza kuchagua lolote. Hiyo ni kweli katika sentensi nyingi, lakini si zote, kwa sababu maumbo hayo yalizaliwa katika nyumba mbili. "Cantase" ilitokana na umbo la Kilatini ambalo tangu hapo lilikuwa la dhamira tegemezi, ilhali "cantara" ilitokana na umbo lililomaanisha "alikuwa amekwisha kuimba", tena kama taarifa ya kweli, si dhana. Maana hiyo ya kale haikufa yote. Magazeti na waandishi wa hotuba huitumia hadi leo katika vishazi vya urejeshi: "el que fuera ministro de Hacienda" ni "aliyekuwa waziri wa fedha", na "el discurso que pronunciara en 1936" ni "hotuba aliyoitoa mwaka 1936". Mtu huyo alikuwa waziri kweli, na hotuba ilitolewa kweli.

Njia ya kulipima ni kuweka "fue" au "había sido" mahali pa "fuera". Sentensi ikisimama bila kubadilika maana, basi una umbo la kale la taarifa mbele yako. Ikigoma, una dhamira tegemezi ya kawaida, na "el que fuera ministro" itamaanisha "yeyote ambaye angekuwa waziri". Angalia pia kwamba mwandishi makini hulitumia kwa jambo ambalo msomaji anadhaniwa kulijua tayari, jambo la nyuma, si kwa habari mpya ya siku hiyo, na kwamba halibadilishwi na umbo la "-se": "el que fuese ministro" kwa maana hii huonekana kuwa kosa kwa wasomaji wenye sikio zuri. Andrés Bello, Mvenezuela aliyechapisha sarufi yake maarufu huko Santiago ya Chile mwaka 1847, aliwashauri Waamerika waliache umbo hili kwa kuwa linaleta utata, nami niko upande wake. Katika eneo la Galicia lina uhai wa kweli, kwa sababu lugha ya Kigalisia inalo. Kwingineko ni pambo la maandishi. Litambue, litafsiri kwa "aliyekuwa" au "aliyo-", na uandike "fue".

Hapa niongeze jambo moja fupi ambalo utakutana nalo katika maandishi ya aina hiyo hiyo, nalo ni kiwakilishi kilichobandikwa mwishoni mwa kitenzi kilichonyambuliwa: "díjole" badala ya "le dijo", "reuniose el Consejo" badala ya "se reunió el Consejo". Hukaa mwanzoni mwa sentensi au baada ya kituo, na kamwe halifuati neno la ukanushi. Tahajia yake inaweza hata kukusaidia kukadiria umri wa chapisho: kabla ya mwaka 1999 kanuni za Chuo cha Kifalme cha Hispania zilitaka "reunióse" yenye mkazo ulioandikwa, na tangu mwaka huo zinataka "reuniose" bila mkazo.

Sasa nije kwenye yale ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayomtenga mzungumzaji aliyeelimika na yule anayejaribu kuonekana ameelimika. La kwanza ni "cuyo". Katika mazungumzo, hata ya watu wenye shahada, neno hili limepungua sana, na badala yake husikika "la empresa que sus representantes firmaron el convenio". Kwa Mswahili sentensi hiyo inavutia sana, kwa sababu ndivyo sisi tunavyosema kwa usahihi: "kampuni ambayo wawakilishi wake walisaini makubaliano". Kiswahili kinaweka urejeshi mahali pamoja na umilikaji mahali pengine. Kihispania cha maandishi kinavibana vyote viwili katika neno moja: "la empresa cuyos representantes firmaron el convenio". Upatanisho wake haupaswi kukutisha. "Cuyos" inafuata "representantes", kitu kinachomilikiwa, haifuati "empresa", kama vile "wake" katika "wawakilishi wake" inavyofuata ngeli ya wawakilishi na si ya kampuni. Mzungumzaji wa lugha zisizo na upatanisho wa namna hii hukosea hapo kwa miaka. Wewe una kanuni hiyo kichwani tangu utotoni, unachohitaji ni kuiamsha. Ukiweza pia kukitanguliza kihusishi bila kusita, "el puerto por cuya entrada pasan los buques", au "la persona con cuyo permiso se abrió el sobre", msikilizaji wako atajua mara moja kwamba umesoma.

La pili ni "haber" ya kuwepo kwa kitu. Utasikia "habían muchas personas" na "hubieron problemas" kutoka Caracas hadi Valencia ya Hispania, tena kwa watu walioelimika, na katika nchi kadhaa za Amerika matumizi hayo yameenea kiasi kwamba si haki kuyaita ujinga. Lakini katika maandishi rasmi ni "había muchas personas", "hubo problemas", na hata kitenzi kisaidizi hubaki katika umoja: "puede haber errores", "va a haber cambios". Wewe una bahati, kwani "kulikuwa na watu wengi" haifuati ngeli ya watu. "Ku-" inabaki "ku-" wawe watu kumi au elfu. Kila unapoweza kusema "kulikuwa na", "kutakuwa na" au "kunaweza kuwa na", Kihispania chako kibaki katika umoja.

Kuhusu "que" na "de que" nitasema kidogo, kwa kuwa mtihani wake ni mmoja na unatosha: geuza sentensi kuwa swali. Unauliza "¿qué piensas?", kwa hiyo "pienso que", unauliza "¿de qué te alegras?", kwa hiyo "me alegro de que". Wanaoogopa kosa la "pienso de que" mara nyingi huifuta "de" hata inapotakiwa na kuandika "estoy seguro que", nalo ni kosa lile lile lililogeuzwa.

Yanayobaki ni ya mtindo. Kihispania rasmi hupenda kufungua sentensi kwa kitenzi cha kutendwa kisicho na nafsi, kilichopatanishwa na nomino yake: "Leída el acta de la sesión anterior, el presidente cedió la palabra", yaani kumbukumbu za kikao kilichopita zilipokwisha kusomwa, mwenyekiti alitoa nafasi ya kuzungumza. Angalia "leída", ambayo ni ya kike ingawa mbele yake kuna "el". "Acta" ni nomino ya kike inayochukua "el" kwa sababu tu inaanza na "a" yenye mkazo, na waandishi wengi huteleza papo hapo. Muundo huu ni wa thamani kubwa, utumie. Kinyume chake, jihadhari na umbo la "-ndo" kwa tendo linalofuata tendo jingine: "el avión despegó a las ocho, llegando a Malabo al mediodía" hukosolewa na wahariri wote wazuri, kwa sababu ndege haikufika ikiwa inapaa. Pale ambapo Kiswahili kinataka "-ka-", ikapaa ikafika, Kihispania kinataka "y": "despegó a las ocho y llegó al mediodía".

Mfano wako wa tatu, "vos sabés", hauna uhusiano na urasmi hata kidogo, ingawa una uhusiano wa kihistoria nao ambao unastahili kuelezwa. Zamani "vos", yaani "wewe", ilikuwa neno la heshima alilopewa mkubwa, na katika ibada na sherehe za kale bado utaikuta hivyo: "Vos, Señor, sois", ikiandamana na "os" na "vuestro". Baadaye ilishuka daraja, na "vuestra merced", ambayo ilikuja kuwa "usted", ikachukua nafasi ya heshima. Katika sehemu kubwa za Amerika "vos" iliyoshuka iliifukuza "tú" kabisa, ikawa neno la marafiki, ndugu na rika. Kwa hiyo neno moja limesimama juu kabisa na chini kabisa, na kitenzi ndicho kinachokuambia liko wapi: "vos sois" ni mbele ya mfalme au Mungu, "vos sos" ni mbele ya rafiki aliyekualika chai. Maumbo ya Argentina na Uruguay ni rahisi: "vos tenés", "vos podés", na kwa kuamuru "vení", "decí", "hacé", na "andá" kwa "nenda". Vinavyoandamana navyo ni vya "tú": "vos te sentás en tu silla".

Usidhani kwamba hiyo ni lugha ya mitaani. Chuo cha Lugha cha Argentina kiliikubali "vos" kuwa sehemu ya Kihispania cha wasomi mwaka 1982, na mhadhiri wa Buenos Aires huitumia akizungumza na wanafunzi wake. Lakini haiko sawa kila mahali. Maracaibo, huko Venezuela, husema "vos cantáis". Chile huweka "tú" mbele ya kitenzi cha asili ya "vos" na kusema "tú tenís", ilhali kumwita mtu "vos" huko kunaweza kumkera. Medellín na Cali za Colombia, na nchi nyingi za Amerika ya Kati, wanayo, kila mahali kwa mizani yake. Mgeni wako alipokuambia "vos sabés" alikukaribisha kama mwenzake. Unaweza kumjibu kwa "tú" bila kumvunjia heshima, au kwa "usted" kama uko kazini, nami ningekushauri "usted". Jua tu kwamba "usted" nayo ina mambo yake: Bogotá na Costa Rica marafiki, wanandoa, hata wazazi na watoto huambiana "usted" kwa mapenzi kamili, na katika eneo la Boyacá utasikia "sumercé", iliyotokana na "su merced", ikisemwa kwa upole ambao "usted" haina.

Kwa wingi, yaani "ninyi", hali ni nyepesi zaidi. "Vosotros" ni ya Hispania, tena si yote, kwa sababu visiwa vya Canarias na Andalucía ya magharibi hutumia "ustedes". Amerika nzima ni "ustedes". Hata hivyo Mwamerika anaijua "vosotros" kutoka madhabahuni: Biblia ya Reina-Valera ya mwaka 1960, inayosomwa sana na Waprotestanti wa Amerika, inaitumia kila ukurasa, na ndiyo maana msemaji wa jukwaani huko akiitumia ghafla, hotuba yake hupata sauti ya mahubiri. Mkalimani hapaswi kuiiga sauti hiyo.

Katika nyakati za vitenzi, tofauti ya mikoa itakugusa zaidi kuliko unavyodhani. Madrid husema "hoy he comido tarde", na Mexico husema "hoy comí tarde", kwa jambo lile lile la leo. Mazoea yako ya kuilinganisha "he comido" na "nimekula", na "comí" na "nilikula", yatakuangusha Mexico, kwa sababu "umeshakula?" huko ni "¿ya comiste?". Mmexico anapotumia "ha", mara nyingi hali yenyewe bado inaendelea: "no ha llegado" ni hajafika bado na anatarajiwa, "no llegó" ni hakufika na mambo yameisha. Huko La Paz, Bolivia, na kwenye milima ya Andes kuna umbo ambalo kwangu ni zuri kuliko yote. Mtu akigundua ghafla kwamba wewe ni daktari, atasema "¡habías sido médico!". Kwa sarufi ya shuleni hiyo ni "ulikuwa umekuwa daktari", tafsiri isiyo na maana, kwa maana yake halisi ni "kumbe wewe ni daktari!". Lugha za Kiquechua na Kiaymara hutofautisha jambo ulilolishuhudia na jambo ulilolijua baadaye, na Kihispania cha huko kimejifunza kufanya hivyo kwa kitenzi ilichokuwa nacho. Mkalimani wa Kiswahili aliye macho analo neno lake tayari. Quito, Ecuador, nayo itakuambia "dame trayendo el libro", ambayo ni ombi la adabu la "niletee kitabu", si habari ya mtu anayeleta.

Yapo ya mikoa yanayoweza kuharibu mkataba, na mfano wake mkubwa ni "hasta". Katika Hispania "la oficina abre hasta las diez" ni ofisi iko wazi mpaka saa nne. Mexico, Amerika ya Kati na Colombia sentensi hiyo inaweza kumaanisha kwamba ofisi haifunguliwi mpaka ifike saa nne. Usikisie kamwe, uliza, na unapoandika mwenyewe taja saa ya kufungua na saa ya kufunga.

Umeuliza uzungumze Kihispania cha nchi gani. Chagua kile cha watu unaokutana nao zaidi, ukishike kwa uaminifu, na usichanganye "vosotros" ya Madrid na "vos" ya Buenos Aires katika kikao kimoja. Kama kazi yako ni ya mikutano ya Afrika, basi kumbuka kwamba itifaki ya mwaka 2003 ya kurekebisha Mkataba wa Kuanzisha Umoja wa Afrika inavitaja Kihispania na Kiswahili katika orodha moja ya lugha rasmi, na kwamba Kihispania kinachokusudiwa hapo kwanza kabisa ni cha Guinea ya Ikweta. Huko, ambako Kifang na Kibubi ni jamaa za Kiswahili katika ukoo wa Kibantu, utasikia "voy en el mercado" na "usted quieres". Ya kwanza utaielewa kwa haraka kuliko Mhispania yeyote, kwa sababu "niko sokoni" na "naenda sokoni" kwetu zina "-ni" ile ile, na hilo ndilo linalokufanya uwe katika hatari ya kuisema wewe mwenyewe bila kujua. Mwache mwenyeji aseme hivyo, ni Kihispania chake. Katika kumbukumbu rasmi wewe uandike "voy al mercado" na "usted quiere".

Kwa viongozi wenyewe, ukimtaja au ukimwita kwa "Su Excelencia", kitenzi kinabaki katika nafsi ya tatu, na viwakilishi ni "le", "lo" au "la" na "su", si "os" wala "vuestro". Sifa inayofuata haifuati neno "Excelencia", ambalo ni la kike, bali humfuata mtu mwenyewe: waziri mwanamume ni "Su Excelencia está invitado", waziri mwanamke ni "Su Excelencia está invitada". Katika barua ukimwandikia mwanamume wa Hispania, "le saluda atentamente" inakubalika na ndiyo iliyozoeleka. Ukimwandikia Mwamerika, "lo saluda atentamente" ndiyo atakayoitarajia, na kwa Argentina "saluda a usted atentamente" inafaa kwa wote bila kukulazimisha kuchagua.